Aliyelala Mnarani

Balbu ndiyo iliyomtia hofu kuliko yote.

Alhamisi ile Lenzi alirudi kazini kutoka kula mchana, akakaa mbele ya mashine yake ya kusaga vioo vya miwani, akabonyeza swichi ya taa ya mezani, na mwanga ukamwagika mpaka akafumba macho. Jana yake palikuwa na taa ya kinyonge ambayo alikuwa akiilaani kimoyomoyo kwa miezi sita. Leo kulikuwa na balbu mpya, nyeupe, yenye nguvu mara mbili ya ile ya zamani, na shingo ya taa ilikuwa imepindwa kidogo kuelekea kushoto. Ni upande huohuo ambao jicho lake lilianza kumsaliti.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaendelea na kazi. Lenzi alihisi damu ikimkauka mwilini, maana hakuwa amemwambia mtu yeyote habari ya taa ile. Hakumwambia bosi, hakumwambia baba yake, hakuuambia hata mto anaoulalia. Aliyewahi kuambiwa ni mmoja tu, na huyo hakuwa mtu.

Tena hili lilikuwa jambo la tatu. Wiki mbili nyuma, kingo za ngazi za jengo zilibandikwa utepe mweupe, kila ngazi, kuanzia mlango wa chini mpaka ghorofa ya pili lilipo duka lao. Wiki iliyopita likafungwa bomba la kushikia upande wa ukutani. Bosi alisema mwenye jengo ameamka usingizini baada ya miaka kumi, akacheka, akasahau. Lenzi hakucheka. Alilala na utepe ule kichwani na kuamka nao.

Jina la Lenzi ni la utani. Alipewa kwa sababu hakuna mwingine pale dukani aliyeweza kuichonga lenzi ikaingia kwenye fremu bila kucheza hata unywele. Ana miaka ishirini na saba, mikono mitulivu, na siri moja ambayo ingemfukuzisha kazi kabla ya jua kuzama: alikuwa anapoteza macho. Jua likishaanza kuondoka, kwake ni giza totoro. Mchana huona kilicho mbele yake tu, na pembeni dunia imekatwa.

Baba yake alipofuka hivyohivyo. Familia ilikuwa na maelezo yake, kwamba mzee aliumizwa na cheche za kuchomelea vyuma, na maelezo hayo yalirudiwa mpaka hata mzee mwenyewe akawa anayasimulia kwa madoido. Aliyeyatunga ni Shangazi, dada mkubwa wa baba. Shangazi huyu alikuwa mwanamke wa kauli moja. Akikuambia kaa, unakaa, hata kama hakuna kiti. Lenzi alipotoka hospitali ya mbali na jibu la daktari, ni Shangazi peke yake aliyejua alikokwenda, na alimwambia neno moja tu: nyamaza. Kisha akamtafutia mchumba, mpima ardhi mmoja mtaratibu, mwenye kwao na mwenye kazi ya kueleweka. Mama wa huyo bwana aliuliza mapema kama kuna ugonjwa wowote kwenye ukoo, na Shangazi akala yamini kwamba hakuna. Jumapili hii walikuwa wanakuja kuchukua jibu.

Sasa basi, ni nani huyo aliyeambiwa habari za taa?

Kwa mwaka mzima Lenzi alikuwa akicheza mchezo mmoja wa mtandaoni usio na picha wala sauti. Ni maandishi matupu. Kila mchezaji ana mhusika wake, na kazi yako ni kuandika: mhusika wangu amefungua mlango, mhusika wangu amesema hivi, mhusika wangu amenuna. Wengine wanasoma, wanajibu, na hadithi inasonga. Ndani ya mchezo huo palikuwa na mji kando ya mto mkubwa, na Lenzi alikuwa Mlinda Taa, mwanamke anayekaa peke yake mnarani.

Na mnarani humo Mlinda Taa alikuwa akizungumza peke yake. Haikuwa wazimu, ilikuwa desturi ya mchezo. Mhusika akiwa na lake moyoni, mchezaji huliandika kwa herufi za mlazo, na kila aliyemo chumbani hulisoma. Sheria yake ilikuwa kali: maneno ya mtu na nafsi yake husomwa na mchezaji, lakini hayasikiki kwa mhusika. Hujibu, huulizi, hujifanyi umeoteshwa. Aliyewahi kujibu alifukuzwa mjini siku hiyohiyo na hakuna aliyemlilia.

Lenzi aliitumia desturi hiyo kwa njia yake. Alisubiri chumba kiwe kitupu, orodha ya waliomo ibaki na jina lake tu, halafu akamwachia Mlinda Taa aseme. Mwanzoni alisema mambo ya mnarani. Baadaye akaanza kusema ya Lenzi. *Leo ngazi ya tatu sikuiona tena, ile iliyobonyea. Taa ya mezani hainitoshi, na upande wa kushoto umekwisha. Kwetu sote tunaipita njia hii, baba katangulia. Na Jumapili wanakuja kuchukua jibu la posa, nami nimeambiwa ninyamaze.* Akishaandika alilala vizuri. Hakuwa na pengine pa kuyatua.

Palikuwa pia na Mvushaji. Huyu katika mchezo alivusha watu mtoni kwa mtumbwi, akaleta mafuta ya taa mnarani, na kwa miezi tisa sasa alikuwa anakawia kuondoka. Alikuwa na mzaha wa polepole, na alijua kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Mara mbili aliandika kwamba angependa waonane nje ya mchezo. Mara mbili Lenzi alikataa, akaenda kujifungia bafuni kulia, maana alimpenda. Hesabu yake ilikuwa kwamba asiyekujua hawezi kukuacha, na yeye hakuwa tayari kuachwa na huyo.

Basi alasiri ile, na balbu ikimwakia usoni, Lenzi aliweka kioo chini. Bosi alikuwa ametoka kwenda kuchukua fremu, na nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka usawa wa paa. Dukani hapakuwa na mtu mwingine. Alitoa simu, akaingia mnarani. Orodha ya waliomo ilionyesha jina moja: Mlinda Taa.

*Kuna mtu ananisikia,* aliandika kwa herufi za mlazo. *Amebadilisha taa yangu.*

Hakuna kilichotokea. Akangoja.

*Kama yupo, ajue kwamba ananitisha.*

Ndipo ukatokea mstari mmoja, ule ambao mchezo wenyewe huuandika:

Mtu aliyelala chini ya ngazi anaamka.

Lenzi aliitupa simu mezani kama iliyomchoma. Kwenye mchezo ule, mchezaji akiweka simu pembeni bila kumtoa mhusika wake, mhusika hulala palepale alipo, na jina lake hufutika kwenye orodha. Lakini akiamka hupewa kila kilichoandikwa chumbani wakati amelala, neno kwa neno. Kila mchezaji anajua hivyo, na Lenzi alijua pia. Alichosahau ni kwamba mchezo huhesabu mnara na ngazi zake kuwa chumba kimoja. Mtu akilala pale chini, yumo.

Aliiokota simu. Mvushaji alikuwa amesimama na kujipangusa vumbi magotini. Kisha naye, kwa herufi za mlazo, akaiambia nafsi yake:

*Mvushaji hakutaka kumtisha.*

Ni yeye. Miongoni mwa watu wote, ni yeye. Lenzi aliona aibu kwanza, halafu hofu ikaimeza aibu, kwa sababu kujua siri ni jambo moja na kuja kubadilisha balbu mezani kwake ni jambo lingine kabisa. Mtu huyu alikuwa ameingia dukani. Alikuwa amesimama hapa, pengine ameshika kiti hiki.

*Mtu mmoja humu ni mwizi,* Mlinda Taa aliiambia nafsi yake.

*Mtu mmoja humu anakubali,* Mvushaji akaiambia yake.

*Alijuaje ni duka gani? Mji huu una maduka mengi ya miwani.*

*Mwanamke alisema ngazi ya tatu imebonyea. Akasema taa ya ngazini ilipepesa mara tatu ikafa. Mvushaji aliitengeneza taa hiyo kwa mikono yake mchana, na jioni akaja kuisoma habari yake humu. Alishindwa kula.*

Kabla Lenzi hajaandika kitu, radi ikapiga na umeme ukakatika. Mashine ya bosi kule nyuma ilinguruma ikashuka ikanyamaza. Balbu nyeupe ikafa, na mawingu yakawa yamemaliza kazi iliyobaki. Kwa watu wengine pale mtaani ilikuwa saa kumi na nusu ya alasiri yenye giza kidogo. Kwa Lenzi hapakuwa na kitu tena isipokuwa kidirisha cha simu mkononi, na ndani yake mstari mpya ukajiandika.

*Umeme umekatika. Yuko peke yake juu. Mvushaji anapanda ngazi.*

Alibaki anautazama mstari ule. Ngazi zipi? Akategea sikio. Nje ya mlango, kule chini, kiatu kiligusa saruji, kikafuata kingine.

Hapo Lenzi alisahau sheria. Aliandika kwa herufi zilizosimama, wazi, kwa jina lake la mchezo: Usije. Akabonyeza, na akajua amekwisha kufukuzwa mjini, na haikumuuma hata kidogo. Nyayo zikasimama. Akapapasa meza, akapata bisibisi ile ndogo ya kukazia skrubu za miwani, silaha ambayo isingemtisha hata mende, akaishika kwa ngumi.

“Siingii ndani,” ikasema sauti nje. “Nimekaa hapa ngazini. Funga mlango ukitaka.”

Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Waya, fundi umeme wa jengo, kijana mrefu mwenye mfuko wa vifaa begani, ambaye kila asubuhi humuuliza vioo vimeamkaje. Mara kadhaa Lenzi aliwahi kumkamata akimtazama sekunde moja zaidi ya salamu, na mara kadhaa, tuseme ukweli, yeye mwenyewe ndiye aliyekawia kugeuka. Hakuwahi kulifikiria zaidi ya hapo. Moyo wake ulikuwa mtoni.

Angeweza kufunga mlango. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo alilazimika kulijua kabla ya Jumapili, na halingesubiri. Alitambaa na ukuta mpaka mlangoni, akaegemea fremu, bisibisi mkononi.

“Umemwambia nani?”

“Sijamwambia mtu.”

“Bosi wangu?”

“Bosi wako anadhani mwenye jengo ndiye aliyenunua ile balbu.”

“Mlinzi wa getini? Mafundi wenzako? Wanaume mkikaa hamna siri.”

“Lenzi,” Waya akasema polepole, “ningekuwa nimemwambia mtu, ungeshasikia. Jengo hili halifichi hata kikohozi.”

Hilo lilikuwa kweli, na pumzi ikamrudia kidogo. Akamuuliza alianza lini kulala pale chini. Waya akasema wiki ya tisa hii. Siku ya kwanza simu yake ilizimika ghafla kabla Mvushaji hajatoka mnarani, na alipoiwasha akakuta ukurasa mzima wa maneno ya Mlinda Taa. Alidhani ni uigizaji. Alijisemea kwamba dada huyu ana kipaji, mpaka akaona machozi yanamtoka bila kuelewa sababu.

“Hiyo ni mara ya kwanza,” Lenzi akasema. “Na mara ya pili simu ilizimika pia?”

Mvua ilianza kuanguka kwenye mabati ya karakana ya jirani.

“Hapana. Mara ya pili nilirudi kulala palepale makusudi. Na ya tatu. Na zote.”

“Ukanisikiliza kama mtu anayechungulia dirishani.”

“Ndiyo.”

Angejitetea angempa nafasi ya kumtukana vizuri. Alikubali tu, na hasira ya Lenzi ikakosa pa kushika. Akamwambia kwamba yale ndiyo maneno pekee aliyokuwa nayo, kwamba alikuwa na chumba kimoja tu duniani cha kusemea, na sasa hana. Alisema mengi, sauti ikimkatika.

“Ungeniambia,” Lenzi akamalizia. “Ungeniambia tu kwamba upo.”

“Ningejibu, ningefukuzwa. Na nikifukuzwa, yale ya moyoni mwako nayasikia wapi tena? Umenikataa mara mbili.” Waya alishusha pumzi. “Nikasema, mdomo nimekatazwa, mikono sijakatazwa. Nikanunua utepe.”

“Ulinionea huruma.”

“Nilikuogopea. Kila ukishuka ngazi hizi jioni nilikuwa nasimama pale chini najifanya nakagua swichi kubwa, mpaka nisikie umefika salama. Mtu anayekuonea huruma haogopi namna hiyo.”

Lenzi alikaa chini pale mlangoni. Akauliza swali ambalo hakutaka kuliuliza. Yale yote ya Mvushaji, ya kukawia mnarani, ya kumwomba waonane, aliyasema akijua Mlinda Taa ni Lenzi?

“Miezi saba nilikuwa sijui wewe ni nani. Nilimpenda Mlinda Taa, basi. Siku nilipojua ndiye wewe wa vioo vimeamkaje, nilifurahi mpaka nikashika waya mbovu, ukanirusha. Muulize mlinzi, alicheka wiki nzima.”

Alikaribia kucheka na yeye, akajizuia. Waya akauliza awashe tochi. Akamwambia asiwashe. Ilikuwa mara ya kwanza giza kumsaidia kitu.

“Unaniona hapo ulipo?” Waya akauliza.

“Sikuoni. Nasikia tu uko kushoto, chini kidogo.” Akaiweka bisibisi sakafuni. “Macho yangu yanakufa, Waya. Yalimfia baba, sasa ni zamu yangu. Daktari kasema miaka kumi, labda kumi na miwili, na mwisho wake hautazuilika. Nikizaa, mtoto anaweza kuwa hivyohivyo. Hayo ndiyo yote.”

Hakuwahi kuyasikia maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe. Kuyaandika ni kitu kingine. Mchezoni yanapita na mistari mingine inayafunika. Hapa yalibaki ngazini. Alisubiri, na sasa ndipo alipoogopa hasa, kuliko alivyoogopa balbu, kuliko alivyoogopa ule mstari wa mtu anayeamka. Alikuwa anasubiri kusikia nyayo zinazoshuka. Alihesabu pumzi nne, tano.

“Nimesikia,” Waya akasema. Alikuwa palepale. “Sasa nina ruhusa ya kujibu?”

“Jibu.”

“Ya macho sina jibu. Mimi ni fundi umeme. Mtoto, nitampenda kama nitakavyompenda mama yake, na taa nitazifunga mpaka majirani walalamike. Lakini Jumapili usimpe mtu jibu la ndiyo ukiwa umejificha. Awe yeye, awe mimi. Utachoka.”

“Na wewe ni nani,” ikauliza sauti nyingine kutoka chini, “unayepanga majibu ya nyumbani kwetu?”

Lenzi aliganda. Alikuwa amesahau kabisa kwamba Shangazi alikuwa anakuja kumchukua waende kwa mshonaji. Sauti ilitoka kwenye kona ya chini, pale ngazi zinapokata, na haikuhitaji kuulizwa ilikuwa imesikia kiasi gani.

“Shikamoo, mama,” Waya akasema.

“Marahaba, na usinizoee.” Kisha Shangazi akamgeukia mpwa wake, na hakukuwa na haja ya kuona uso wake. Alimuuliza kama amerukwa na akili, kumwaga mambo ya ukoo ngazini mbele ya fundi wa kubadilisha balbu. Akamkumbusha yamini aliyoila. Akamkumbusha kwamba mama wa mpima ardhi ana masikio marefu, kwamba msichana wa hali yake hachagui sana, na kwamba kijana huyu atanyamazishwa leo hii, na Jumapili jibu litakuwa lilelile.

“Panda basi tuzungumze, Shangazi.”

“Shuka wewe.”

“Mimi sioni ngazi. Panda wewe unayeona.”

Shangazi hakupanda. Mvua ikazidi. Lenzi alingoja ile kauli moja ambayo siku zote humfuata mtu mpaka anatii, na haikuja. Ilipokuja sauti, ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine.

“Nani alikwambia mimi naona?”

Waya aliwasha tochi bila kuuliza, akaelekeza mwanga chini kwenye ngazi. Katika kipande hicho cha mwanga Lenzi aliuona mguu wa Shangazi. Alikuwa amevua kiatu. Vidole vilikuwa vinapapasa saruji vikitafuta ukingo, na mwili wote wa yule mwanamke ambaye watu husimama anapoingia ulikuwa umejibandika ukutani.

Waya akashuka akampa mkono. Shangazi aliupokea, akapandishwa ngazi moja moja, akakalishwa kando ya Lenzi. Alinuka mvua na manukato yake ya siku zote.

“Tangu lini?” Lenzi akanong’ona.

“Mimi na baba yako tulianza pamoja. Yeye yalimkimbia upesi, mimi yanakwenda polepole. Nikaona kuna nafasi ya kujificha, nikajificha.” Alijaribu kucheka. “Mume wangu anajua mimi mwoga wa giza. Miaka thelathini na moja ananitania mbele ya wageni, nami nacheka nao. Silali mpaka nimehesabu kila kiti kilipo. Akisogeza meza namgombeza, anadhani nina hasira za asili.”

“Kumbe na mimi ulikuwa unanipeleka hukohuko.”

“Sikujua njia nyingine, mwanangu. Hii ndiyo niliyoipita, na nimefika nayo mpaka hapa.”

Lenzi alimshika. Aliona maisha yake yote kwa mpima ardhi, viti vilivyohesabiwa, kicheko cha mbele ya wageni, na hofu ya alasiri ile ikirudi kila siku jua likishuka, miaka thelathini na moja. Hofu hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya kuachwa, na ndiyo iliyomkatia shauri. Akasema Jumapili atawaambia wageni mwenyewe, kabla hawajakaa vizuri. Wakiondoka, waondoke. Wakibaki, jibu lao bado litakuwa hapana, ila watakuwa wamelipata kwa heshima. Bosi naye ataambiwa kesho.

“Na wewe,” akamwambia Waya, “Jumamosi uje nyumbani, baba akujue. Uje mchana, nikuone vizuri. Sijasema nimekusamehe.”

“Sijasikia neno la msamaha,” Waya akasema. “Nitakuja mchana.”

Mkono wake ulikuwa karibu na wa Lenzi kwenye saruji. Lenzi aliutafuta kwa kupapasa, akauweka wake juu.

Kisha wakasikia Shangazi anafungua mkoba, anatoa simu, na kidole chake kikatafuta kitufe kwa mazoea. Simu ya Shangazi daima huwa na sauti ya juu kabisa, kwa hiyo wote watatu walisikia ikiita, na wote wakasikia mumewe akipokea.

“Baba watoto,” Shangazi akasema, “njoo unichukue kwenye duka la miwani. Giza limeingia, siwezi kushuka.”

Mzee alicheka kule alikokuwa. Akamuuliza kama majini ya ngazini yameshamkamata, au yanangoja mvua ikatike.

“Siogopi. Sijawahi kuogopa giza hata siku moja. Sioni.”

Kicheko kikakatika. Ikabaki mvua peke yake, ya huku na ya kule. Lenzi alihisi kucha za Shangazi zikimzama mkononi.

“Huoni tangu lini?”

“Tangu kabla hujanioa.”

Simu ilikaa kimya kwa muda ambao Lenzi angeapa ulikuwa mrefu kuliko miaka yote ile. Halafu kukasikika mlango ukifunguliwa, funguo zikigongana, na mhemo wa mzee anayetembea haraka kuliko alivyozoea.

“Usikate simu,” akasema. “Na usisogee hapo ulipo. Nimeshatoka.”